Kocha Hakutaka Tupumzike

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Barking, mtaa wetu huku ughaibuni, na meza niliyokaa ikaanza kumsifu Kocha. Mmoja alisema Kocha ndiye aliyemtulizia kisukari. Wa pili akasema bila Kocha upweke wa mji huu ungemmaliza. Wa tatu akasema tangu Kocha arudi kutoka likizo nyumbani amenawiri, labda ni jua. Niliwasikiliza huku nikitafuna pilau mpaka ikanishinda. Nikainuka, nikaenda kusimama nje na wavuta sigara, mimi ambaye sijawahi kushika sigara. Binti yangu Rehema akanifuata. Kiswahili anakielewa vizuri ila hajibu kwa Kiswahili, kwa hiyo aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini watu wote wanampenda yule mzee isipokuwa mimi. Kulikuwa na baridi na sikutaka kuanza habari ndefu mlangoni mwa ukumbi. Naiandika sasa.

Tulikuwa kikundi cha watu wanane, wakati mwingine tisa, Watanzania watupu, wa bara na wa visiwani, wengi wetu tumeshavuka miaka arobaini na tano. Tulikutana kila Jumapili asubuhi Walthamstow, nje ya stesheni, pale treni ya chini ya ardhi inapoishia. Tulishuka hadi kwenye vinamasi, tukakimbia kando ya mto, tukarudi. Yule mzee ndiye aliyekuwa kocha wetu, na katika miaka saba niliyokimbia naye sikusikia mtu akimwita vinginevyo. Wapo waliosema zamani alikuwa mkimbiaji wa timu ya jeshi. Wengine walisema hilo alilitunga mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza. Nilichojua ni kwamba alipanga vifurushi kwenye ghala, aliishi peke yake Thamesmead, na alinizidi kama miaka kumi na miwili. Mimi nilianza nikiwa na arobaini na sita, mwanamke aliyeachika, kilo zimenizidi, kazi yangu kulea wazee wa watu majumbani kwao.

Kutoka Thamesmead hadi Walthamstow si karibu. Ni mabasi na treni, na Jumapili vyote vinajikokota. Lakini hakuchelewa hata siku moja. Sisi wa karibu ndio tuliochelewa, na aliyechelewa alibebeshwa mfuko wa majaketi ya wenzake, akakimbia nao mgongoni njia nzima. Nimeubeba ule mfuko mara nyingi. Siku moja nilimwambia treni yangu ilisimama njiani nusu saa. Akaniambia, "Ungepanda ya kabla yake," akanikabidhi mfuko.

Alikuwa mwembamba, vigimbi vimejikaza kama ngumi, na alivaa traksuti ndefu hata wakati wa joto, sisi wengine tukiwa na kaptura. Hakupiga filimbi wala kelele. Alitukana kwa sauti ya upole, kwa Kiswahili safi, huku anatabasamu, hata Wazungu waliokuwa wakipita na mbwa wao wakadhani anatutia moyo, wakatupungia mkono.

"Mama Rehema," alikuwa akisema, "leo unakimbia kama mtu aliyeangusha ufunguo."

Au alimgeukia mwingine: "Wewe bwana, mbona kama unasindikiza jeneza?"

Tulicheka. Hilo lazima niliseme. Kila mtu alicheka mpaka zamu yake ilipofika. Sifa hakutoa. Ukikimbia vizuri kuliko ulivyowahi kukimbia maishani mwako, alikaa kimya, nasi tukajifunza kuupenda ule ukimya wake kama mtoto anavyopenda peremende. Nilikuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika baba, na nilirudi nyumbani Barking nikimwambia binti yangu kwa furaha kwamba leo Kocha hakuniambia kitu.

Madaktari hakuwapenda, au ndivyo tulivyoamini. "Daktari hajawahi kukimbia hata kulifuata basi," alisema, "atakuambia nini wewe?" Mtu akilalamika goti, alitoa begini kichupa cha mafuta ya karafuu. Akilalamika mgongo, alimwagiza supu ya kongoro. Maumivu alikuwa na msemo wake kuyahusu, na tulikuwa tunauimba wote: maumivu ni mgeni, ukimpa kiti atataka na chai. Na kuhusu umri wetu alisema mwili uliovuka hamsini ni punda, na punda haendi bila kigongo. Hapo alijipiga paja lake mwenyewe, pa, kuonyesha kigongo kinapopigwa.

Neno alilolichukia kuliko yote ni kupumzika. Nimemwona akimtoa mtu kikundini kwa neno hilo. Alikuwa Bwana Hamadi, mtu wa Pemba, karani wa ofisi, mpole sana, ambaye kila Ijumaa alitutumia ujumbe wa kututakia heri. Hamadi alichanika msuli wa kigimbi. Akaenda hospitali, akapewa mazoezi, akaambiwa akae wiki sita bila kukimbia, naye akakaa wiki sita. Aliporudi, Kocha alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Umekuja kufanya nini?" alimuuliza.

"Nimekuja kukimbia, Kocha. N'shapona."

"Kuna bustani pale nyuma ya duka ina viti vizuri. Wazee wanapumzika pale asubuhi. Nenda ukawaone."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Hamadi alisimama kidogo, akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa tayari imefungwa, kisha akatuaga mmoja mmoja kwa mkono na kuondoka. Alipofika kwangu akasema, "Mie sirudi tena, dada. We jitunze." Nilimwambia asijali, Kocha anatania tu.

Lakini nikisema alikuwa mtu mbaya tupu nitakuwa nadanganya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mama yangu alipofariki Korogwe sikuweza kwenda kumzika. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa ofisini kwa wenyewe, zinasubiri mhuri, na ukitoka bila mhuri huo hurudi. Nilikaa matanga peke yangu Barking na binti yangu. Watu walipiga simu, wakatuma meseji. Kocha alikuja. Alikuja ametoka kazini, macho mekundu, mkononi ana mfuko wa mihogo na sufuria ya maharage ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hakutoa mawaidha. Rehema alipomletea chai alisema asante, basi. Kesho yake alinipigia simu, akaniambia, "Vaa raba, nipo chini." Tukakimbia wawili hadi mtoni Barking na kurudi, mwendo wangu wa konokono. Nililia njia nzima na hakugeuza shingo kunitazama. Ningependa siku hiyo isingekuwepo. Ingenirahisishia kazi.

Sasa niseme habari ya nyonga.

Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Tulikuwa tunajiandaa kwa marathoni ya masika, na kila Jumapili alituongezea kilomita. Maumivu yalianzia kwenye kinena, upande wa kushoto, kama kitu kinachokwaruza kwa ndani. Mwanzo yalikuja nikikimbia tu. Baadaye yakaja nikipanda ngazi. Halafu yakaja kazini nikimgeuza mgonjwa kitandani. Rehema alikuwa akinitazama nikichechemea kutoka jikoni, na kila siku aliniambia kwa Kiingereza niende kwa daktari, kila siku sauti yake ikipanda kidogo.

Nilimwambia Kocha. Alinisimamisha kando ya njia, akabonyeza paja langu kwa kidole gumba.

"Hapa?"

"Juu zaidi. Ndani."

"Ni msuli. Paka karafuu."

"Nafikiri niende nikapigwe picha, Kocha."

"Ukienda watakuambia uache. Ndiyo kazi yao hiyo, kuwaambia watu waache. Wewe unataka kuacha?"

Nikasema sitaki. Na kweli sikutaka. Hapa sitajitakasa. Hakunifunga kamba. Ningeweza kumpuuza, kama Hamadi alivyompuuza. Lakini nilikuwa nimemwona Hamadi akiondoka, na sikuwa na kitu kingine katika mji huu ambacho kilikuwa changu. Kazi ilikuwa ya wengine na chumba kilikuwa cha mwenye nyumba. Jumapili ilikuwa yangu. Nikapaka karafuu wiki saba.

Siku yenyewe tulikuwa tumepita kilomita ishirini na tano. Nilisikia kitu kikikatika ndani, mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto, na mguu ukakataa. Nilianguka kwenye kokoto kando ya mto. Wenzangu walisimama. Kocha alirudi, akaniangalia kutoka juu, kisha akaangalia saa yake ya mkononi. Nimekumbuka mambo mengi kuhusu siku ile, mengine labda nimeyaongezea, lakini saa ile sikuiongezea. Aliitazama.

"Inuka, utembee. Itaachia."

"Siwezi, Kocha."

"Basi kaa hapo kwenye benchi. Ukipata nguvu kuna basi pale darajani." Akawapigia wengine makofi mawili. "Twendeni. Misuli inapoa."

Wakaenda. Watu wazima sita niliokula nao iftari na Krismasi, wakaenda. Mmoja aligeuka nyuma mara mbili. Mama mmoja wa Kizungu mwenye mbwa mdogo mweupe ndiye aliyeniita ambulensi, akanivika koti lake, akakaa nami mpaka wakaja. Jina lake sikulichukua.

Mfupa ulikuwa umevunjika pale shingo ya paja inapoingia nyongani. Daktari alinionyesha picha na kuniambia ufa ulikuwepo wiki nyingi kabla ya siku ile, ukirefuka kidogo kidogo. Walinitia skrubu tatu. Kocha alikuja wodini siku ya pili. Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni.

"Mifupa ya wanawake wa umri wako inakuwa kama biskuti," alisema. "Ungeniambia hedhi imekoma, ningekupunguzia."

Rehema alikuwepo, na alielewa kila neno. Aliinuka, akafungua pazia la kitanda, akalishika wazi, akimngoja. Kocha akaelewa, akatoka. Hakuuliza kama inauma.

Watu hudhani kupona ni kama kupanda mlima, unaona kilele na unapanda. Kwangu ilikuwa kama kukaa ofisini ukisubiri kuitwa, na kila ukiitwa wanakurudisha ukakae. Wiki kumi na mbili za magongo. Tunakaa ghorofa ya pili. Nilishuka ngazi kwa makalio, Rehema mbele yangu amebeba magongo, akiwa na miaka kumi na tisa na mitihani ya chuo. Aliniogesha. Mimi ambaye ninaogesha wazee wa watu kwa mshahara niliogeshwa na mtoto wangu, nikagundua wale wazee wanachohisi, na kwamba maji siku zote yalikuwa ya baridi kuliko nilivyodhani.

Fizio wangu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa kijana wa Kinaijeria mwenye subira. Siku ya kwanza aliniuliza niliumwa kwa muda gani kabla ya kuvunjika.

"Wiki saba," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Na hukupumzika?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamjibu kama mtoto wa shule, kwamba Kocha hakutaka. Yeye akaniwekea mfuko wa plastiki chini ya kisigino, nikae sakafuni, nisukume mguu mbele, nivute nyuma. Mara kumi. Mara tatu kwa siku. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yangu mimi niliyekuwa nikikimbia kilomita thelathini, kusukuma mfuko wa plastiki kwenye zulia. Siku za mwanzo sikufika kumi. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu, na niliyekuwa nikimkasirikia nilimwona mbele yangu kila nikifumba macho, anaangalia saa.

Mwezi wa tano wa kupona kwangu nilifika kliniki mapema. Mlango wa chumba cha pili ulifunguka, akatoka Kocha. Suruali ya traksuti ilikuwa imekunjwa hadi juu ya goti, na goti lenyewe lilikuwa limevimba, limezungushiwa mkanda mpana wa kubana, wa zamani, umechakaa pembeni. Dada wa fizio alikuwa nyuma yake akimkumbusha kwa sauti ya furaha, na aliongea Kiingereza cha polepole wanachotuongelesha sisi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Akumbuke, alimwambia, wiki mbili bila kukimbia kabisa, kama kiangazi cha mwaka jana, kwa sababu mwaka jana kupumzika kulimsaidia sana.

Kiangazi cha mwaka jana Kocha alituambia ana ovataimu ghalani. Jumapili tatu hakuja. Alitutumia ratiba kwa simu, na ratiba hiyo haikuwa na siku ya kupumzika.

Aliniona. Alishusha suruali taratibu, akaja akakaa kiti cha pembeni yangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona anatafuta maneno.

"Hukuniona hapa," alisema.

"Nimekuona."

"Mama Rehema, wale watu wakijua, kikundi kitakufa."

"Tangu lini unakuja?"

 Nikaitwa jina langu, nikainuka nikichechemea, na nilipotoka alikuwa ameshaondoka.

Sikuitunza siri yake. Nilimpigia Hamadi siku hiyo hiyo. Akasema, "Haya dada, ya Mungu mengi," akanibadilishia mazungumzo akaniuliza habari za Rehema. Niliwapigia na wengine. Hapo ndipo nilipopata funzo ambalo sikulitegemea. Hawakuniamini. Mmoja alisema huenda nilimfananisha. Mwingine, yule aliyegeuka nyuma mara mbili siku ile mtoni, aliniambia kwa upole, "Mama Rehema, kinyongo kitakula mifupa yako." Nikakata simu. Jumapili walikimbia kama kawaida, naye akawangojea kama kawaida, maana alishapanga kukaa wiki mbili akiwafundisha amesimama, kwa madai kwamba anataka kuwatazama mwendo.

Baada ya mwaka nilianza kukimbia tena. Dakika moja nikimbie, mbili nitembee, mara tano, kwenye bustani ya karibu. Siku ya kwanza mama mwenye kigari cha mtoto alinipita, na aliyekuwa ndani ya kigari akanitazama mpaka wakapotea. Nilifurahi hadi nikaona haya. Sasa nina miaka hamsini na sita. Nakimbia mara tatu kwa wiki, kila siku ya kukimbia ninaifuata na siku ya kukaa. Kukiwa na baridi kali nyonga inakaza na siendi. Sikimbii na kikundi chochote.

Mwaka huu, kabla ya masika, simu ililia nikiwa kazini. Namba sikuijua.

"Mama Rehema. Kocha hapa."

Nilitoka nje ya chumba cha mgonjwa wangu. Hakuuliza habari zangu. Alisema goti limekwisha, atabadilishwa, na hospitali wanataka mtu mzima wa kukaa naye saa ishirini na nne za kwanza nyumbani. Bila mtu huyo hawamruhusu.

"Waambie watu wako," nikamwambia. "Wanakupenda."

"Nimewaambia naenda nyumbani kusalimia. Miezi miwili." Akapumua. "Wewe tayari unajua."

Ningeweza kukataa, na nilimwambia nakataa. Baada ya siku mbili nikampigia nikakubali. Rehema aliponiuliza kwa nini, nilimwambia ni kazi yangu, nalala nyumba za wazee kila wiki, na huyu ni mzee kama wao. Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba nilitaka kumwona amelala chini.

Nesi wa wodini aliniuliza mimi ni nani wake. Kocha, akiwa kitandani, akawahi: "Dada yangu."

"Mimi si dada yake," nikasema.

Nesi alisubiri, kalamu hewani. Nikamwambia aandike mtu anayefahamiana naye. Akaandika, akanipa karatasi, nikatia sahihi kwamba nitakaa naye hadi saa hizo ziishe. Ilikuwa saa nne asubuhi teksi ilipotushusha Thamesmead.

Jengo lake halina lifti. Nilimwambia anavyotakiwa kupanda: mguu mzima unatangulia, halafu mbovu, halafu gongo. Akasema anajua kupanda ngazi. Akatanguliza mbovu. Goti likamkatalia, akaenda nyuma, na nikamdaka kwa mkanda wa suruali, bega langu likagonga ukuta. Tulisimama hivyo, nimemshikilia kama gunia, naye anahema. Mtu mmoja alishuka na baiskeli, akatupisha kwa shida.

"Mguu upi?" nikamuuliza.

"Mzima," akasema.

Chumba chake kilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kitanda, meza, viti viwili, jozi za raba kumi na moja zimepangwa ukutani, nyingi zimeisha soli. Mchana nilimfanyisha mazoezi aliyopewa, kukunja goti mara kumi akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilihesabu polepole kuliko inavyotakiwa. Nilimwona anavyouma midomo, jasho linavyomtoka kipara kizima, na kati ya sita na saba nilinyamaza kwa muda mrefu mno. Aliniangalia. Alijua ninachofanya. Nilipofika kumi nikaenda jikoni kufungua bomba kwa sababu isiyo na maana.

Nimesema nilitaka kumwona amelala chini. Nilimwona. Nilitarajia kungenipa raha zaidi.

Asubuhi yake nilimpikia uji. Alikaa kwenye kiti, mguu juu ya mto, bakuli mapajani. Alikuwa amelala vibaya, ndevu nyeupe zimechomoza, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa miaka sitini na nane. Nikakaa kiti cha pili.

"Nina swali moja," nikamwambia. "Sitalirudia."

"Uliza."

"Ulikuwa unapumzika. Miaka yote ile ulikuwa unakwenda kliniki, unaambiwa kaa, unakaa. Ulijua kwamba kunasaidia. Mimi nimekuja kwako na ufa kwenye mfupa, ukaniambia nipake karafuu. Kwa nini?"

Alikoroga uji kwa muda. Nilidhani atanitajia biskuti tena.

"Wanaopumzika hawarudi," alisema. "Nimewaona kule nilikotoka, nimewaona hapa. Anakaa wiki mbili, anaona kitanda kitamu, anaona Jumapili kuna mambo mengine. Hamadi tu ndiye aliyewahi kurudi."

"Na ukamfukuza."

"Nilishazoea kwamba hayupo." Akaweka kijiko. "Kila mwaka mlikuwa mnapungua. Mimi Jumatatu hadi Jumamosi siongei na mtu, Mama Rehema. Ghalani tunavaa vizibo vya masikio. Ningekuambia ukapumzike, ungekwenda, ungenogewa, na ningekimbia peke yangu."

Nje mtu alikuwa akiburuta pipa la taka. Nilingoja aendelee, nikifikiri kuna neno jingine linafuata, lile ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelisema hapo. Alichukua kijiko akaendelea kula.

"Kwa hiyo nyonga yangu ilikuwa kwa ajili ya kampani," nikasema.

Alifikiri. Namkubalia hilo, kwamba alifikiri kwanza.

"Ndiyo," akasema.

Nilichukua bakuli lake lilipokwisha, nikaliosha, nikalifunika. Nikampa dawa zake za asubuhi na maji. Nikaangalia saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita saa ishirini na moja. Nikarudi kwenye kile kiti cha pili, nikakaa saa tatu zilizobaki, na sikumwambia neno hata moja.